Dharura ya Nishati: Mamlaka ya Serikali na Umbali wa Kakonko

Wilaya ya Kakonko mkoani Kigoma ipo zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Bandari ya Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, meli ya mafuta ikichelewa kushusha shehena, athari yake huongezeka kadiri lori linavyosafiri kuelekea Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu.

Sheria imeipa Serikali nyenzo kadhaa za kukabiliana na hali hiyo. Chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, mafuta huagizwa kwa pamoja kupitia Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja (PBPA), huku EWURA ikitoa leseni na kutangaza bei kikomo kila mwezi. Bei ilipopanda duniani mwaka 2022, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni. Mwaka 2023, mafuta yalipoadimika, EWURA ilivifungia baadhi ya vituo vilivyobainika kuficha bidhaa hiyo.

Hatua hizo ni muhimu, lakini kila moja ina mpaka wake. Bei kikomo humlinda mnunuzi dhidi ya ulanguzi, ila haijazi tangi lililo tupu. Vilevile, kufungia kituo katika mji wenye vituo vingi ni adhabu kwa mfanyabiashara. Katika wilaya yenye vituo vichache, adhabu hiyo yaweza kumfikia pia mkulima anayesubiri usafiri wa maharage na mahindi yake.

Kwa upande wa umeme, kuunganishwa kwa Mkoa wa Kigoma na Gridi ya Taifa kumepunguza utegemezi wa majenereta ya dizeli. Hata hivyo, hitilafu ya gridi ya Aprili 1, 2024 iliyosababisha giza katika maeneo mengi ya nchi ilikumbusha kuwa njia moja, hata iwe imara, huhitaji mbadala.

Kinga ya kweli, basi, ni maandalizi ya kabla ya dharura: akiba ya kimkakati ya mafuta, maghala yaliyo karibu na mikoa ya pembezoni, na utaratibu unaotoa kipaumbele kwa hospitali, magari ya wagonjwa na pampu za maji. Akiba ikibaki Dar es Salaam pekee, Kakonko itaendelea kuisubiri barabarani.