Je, Yafaa Tujifunze Kijerumani?



Sisi makarani wa Kilosa tumezoea siku hizi kuwaona vijana wakileta vyeti vyao vya kuzaliwa na vya shule ili vithibitishwe, maana wataka kwenda Ujerumani. Wengine waenda kulea watoto katika nyumba za watu, wengine kusomea uuguzi, wengine kutumika mwaka mmoja kwa kujitolea. Na huko Mikumi, vijana waongozao wageni katika hifadhi wauliza wapi watapata mwalimu wa Kijerumani, lugha ambayo wazee wetu waliiita Kidachi. Jambo hili limeleta maneno mengi barazani. Wako wasemao kwamba ni aibu kuihangaikia lugha ya watu waliowanyonga babu zetu. Na wako wasemao kwamba maneno 20 ya salamu yatosha kumpatia mtu riziki. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosa, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, safari hizi si mpya. Tangu mwaka 1891 hata 1895, Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki huko Berlin. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hata Urusi na Siberia, kisha akayaeleza kwa Kiswahili yote aliyoyaona. Mwaka 1900 akaenda Berlin Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, naye akafundisha. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa mwaka 1903 na chenye maandishi yake mengi, chasomwa hata leo. Hawa walikuwa watu wa kalamu kama sisi.

Lakini tuyatazame yote yaliyompata Mtoro, si yale ya sifa tu. Alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipofika Dar es Salaam kwa meli, serikali ya Wajerumani haikumruhusu kushuka pamoja na mkewe katika nchi aliyozaliwa yeye. Wakarudi Ulaya, naye akafa Berlin mwaka 1927. Tena yuko Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliwatumikia vitani angali mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake, asipewe. Akakaa huko, akafanya kazi ya kuandalia watu mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili, akacheza katika sinema. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya Sachsenhausen. Kijerumani alikijua sana, wala hakikumwokoa.

Basi tusimdanganye kijana yeyote kwamba akijua lugha ya watu atakuwa mmoja wao. Lugha si ngao. Lakini asiyeijua hana hata kinywa cha kudai haki yake, na tofauti hiyo si ndogo. Husen alinyimwa mshahara, lakini aliweza kusimama mbele ya wenye mamlaka akasema anadai nini na kwa sababu gani. Asiyejua lugha hunyimwa, na hata kunyimwa kwake hakufahamu.

Pili, tutazame hapa kwetu. Wajerumani walipotawala, maakida na makarani waliandika kwa Kiswahili, na amri zilizosomewa watu zilisomwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha yao haikuingia sana vinywani mwetu. Ilituachia maneno machache, kama shule, na hela iliyokuwa jina la sarafu yao ndogo. Lakini wao kwa wao waliandikiana Kijerumani, na hati nyingi za ardhi ziliandikwa Kijerumani. Wilaya yetu yajua vema maana ya jambo hili. Mwaka 1907 kampuni ya Otto, wafumaji wa nguo wa Württemberg, ilianza shamba kubwa la pamba hapa Kilosa. Na baadaye mashamba ya mkonge yakaenea Kimamba na kwingineko. Hata sasa wananchi wagombana juu ya mipaka ya mashamba makubwa. Majalada ya Wajerumani yako katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mengi yameandikwa kwa mkono, kwa herufi za kale ambazo hata Wajerumani wa leo wengi hawazisomi bila kufundishwa. Je, ni makarani wangapi wa Kiafrika wawezao kuzisoma? Ni wachache mno. Ndiyo kusema kwamba mtu akitaka kujua ardhi ya babu yake ilitwaliwa lini na kwa masharti gani, hana budi kungoja mgeni aje amsomee. Twauliza: ni aibu ipi iliyo kubwa, kuijua lugha hiyo au kutoijua?

Tatu, habari ya waongozaji wa Mikumi. Hifadhi ile iliwekwa mwaka 1964, ina eneo la kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia yapita katikati yake. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma ina stesheni hapa Kilosa, nasi twategemea kwamba wageni watazidi. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyefahamu maneno ya mgeni atapona nini zaidi ya bakshishi?

Mwongozaji aliyekariri majina ya wanyama adhani amejifunza lugha. Majina si kazi kubwa, tena yachekesha: kiboko huitwa Nilpferd, yaani farasi wa Nile, ngiri huitwa Warzenschwein, nguruwe mwenye chunjua, nungunungu ni Stachelschwein, nguruwe wa miiba. Kwa siku mbili mtu aweza kuyashika yote. Lakini mgeni hatauliza jina tu. Atauliza kwa nini nyasi za Mkata zimechomwa moto, kwa nini tembo huingia katika mashamba ya watu, na nani walikaa hapa kabla ya hifadhi. Kwa sasa maswali hayo hupita katika Kiingereza, ambacho si lugha ya mwulizaji wala ya mjibuji, na nusu ya jibu hupotea njiani. Na jioni, wakiisha kula, mgeni huuliza habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale waliyotendewa watu wetu. Mkuu wao amekwisha sema. Wananchi wake wajapo hapa yafaa wayasikie mambo hayo kwetu, kwa lugha wasiyoweza kudai hawakuifahamu.

Nne, habari ya vijana waendao. Yaliyo wazi katika sheria za Ujerumani ni haya. Aendaye kulea watoto katika nyumba ya watu ahitaji lugha ya daraja la A1, ambalo ni la chini kabisa. Na kazi yake haipasi kuzidi saa 30 kwa juma. Atakaye kutambuliwa kuwa mwuguzi kamili hutakiwa kwa kawaida daraja la B2, ambalo ni la nne katika madaraja sita. Kati ya A1 na B2 si safari ya miezi miwili. Hata hivyo wako mawakala wapitao vijijini wakiwaahidi wazazi kwamba mtoto atasoma majuma machache, kisha atapanda ndege na kuwa mwuguzi. Alifika mezani petu kijana mmoja na mkataba wa kurasa tisa, wote Kijerumani, amekwisha kuutia sahihi. Tulimwuliza ukurasa wa nne wasema nini. Akajibu kwamba wakala alimwambia ni mambo ya kawaida. Baba yake alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili. Ndugu zetu, sisi tushikao mihuri twajua kuliko wengine sahihi ni kitu gani. Mtu asitie sahihi asichoweza kukisoma, au asichosomewa na mtu asiyepata fedha kwa sahihi hiyo.

Tena watu husema kwamba Kijerumani ni kigumu mno. Sisi twaona kwamba Mwafrika ana msaada wake. Majina yao yana jinsia tatu, na Waingereza hulalamika sana kwa hilo. Lakini sisi tuliokua na ngeli za Kiswahili, na za Kisagara au Kividunda, tutaogopaje tatu tu? Mtoto wa Kilosa huingia shuleni na lugha mbili, naye hujifunza ya tatu kabla ya kuota ndevu. Tunachokosa si akili, ni mwalimu na subira.

Na wale wasemao kwamba kujifunza lugha ya mtawala wa zamani ni kumsujudia, na wamkumbuke Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika huko Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza katika jambo la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kiingereza cha Kayamba hakikumfanya Mwingereza. Kilimwezesha kusema habari za watu wake mahali palipokatwa shauri lao.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu mbele ya chama. La kwanza, tuanzishe darasa la jioni hapa Kilosa, mara mbili kwa juma, na waongozaji wa Mikumi wakaribishwe kwa ada ile ile ya wanachama. La pili, chama kiombe serikali ifundishe japo karani mmoja wa kila mkoa kusoma maandishi ya mkono ya Kijerumani cha kale, na walio katika kazi za ardhi watangulizwe. La tatu, kila mwanachama aletewaye mkataba wa kigeni athibitishwe nakala yake amwulize mwenyewe kama ameusoma, kabla hajaugonga muhuri. Hilo la tatu halihitaji fedha wala ruhusa, nasi twaweza kulianza kesho asubuhi.

Na wageni nao wajifunze Kiswahili. Lakini hilo hatuwezi kuwaamuru. Letu ni hili lililo mikononi mwetu. Mwenye mawazo mengine na aandike, ili yasomwe mbele ya mkutano.