Haki ya Mfanyakazi Haikuua Viwanda Vyetu



Kila mara wafanyakazi wadaipo ujira wa haki, wenye mali hujibu kwamba sheria za kazi zikikazwa, viwanda vyetu vitashindwa na bidhaa za kigeni na kufungwa. Hoja hiyo hatuipuuzi, kwani asiye na kazi hali haki tupu. Lakini je, ni ya kweli?

Tuitazame historia. Viwanda vya nguo vya KICOMI kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret vilididimia katika miaka ya 1990. Havikuangushwa na likizo ya uzazi wala malipo ya saa za ziada. Soko lilifunguliwa ghafla, mitumba ikamiminika, huku umeme ukiwa ghali, mashine zimechakaa na bidhaa za magendo zikipita mipakani.

Mwaka 1990 ilitungwa sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, nao wawekezaji wakasamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10. Mfanyakazi hakusamehewa lolote. Mwanzoni mwa 2003, maelfu waligoma Athi River wakilalamikia mishahara duni na saa nyingi za kazi. Je, unyonge wao uliviokoa viwanda? La. Mfumo wa kimataifa wa kugawa soko la nguo ulipokoma tarehe 1 Januari 2005, nguo za Uchina zilifurika Marekani, na baadhi ya viwanda vyetu vikafunga milango.

Tena, sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyotufungulia soko la Marekani bila ushuru, iliweka ulinzi wa haki za wafanyakazi kuwa mojawapo ya masharti yake. Basi haki hiyo ilikuwa ufunguo wa soko, si kufuli.

Tangu hapo tumepata Sheria ya Ajira ya 2007 na Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010. Maandishi hayatoshi. Twadai wakaguzi wa kazi wa kutosha na wasiohongeka. Twadai magendo yakomeshwe na gharama ya umeme ipunguzwe, ili mwajiri mwaminifu asishindwe na mdanganyifu.

Mtume Yakobo aliwaonya matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Nasi twawaambia wenye viwanda: shindaneni kwa ubora wa kazi, si kwa njaa ya mfanyakazi. Nanyi wafanyakazi, jiungeni katika vyama vyenu. Kidole kimoja hakivunji chawa.