Televisheni za Mikoa ya Uingereza na Kazi ya Mwalimu

Kila mwalimu aliyepitia chuo anaijua kanuni ya kumwongoza mwanafunzi kutoka katika yale anayoyajua hadi yale asiyoyajua. Kanuni hiyo huandikwa katika maandalio ya somo na huulizwa katika mitihani, lakini aghalabu husahauliwa pindi zana ya kufundishia itokapo mbali, imekwisha kukamilika, ina rangi zake na sauti yake. Katika makala haya twapenda kuitazama nchi iliyopata kuwa na televisheni zilizotengenezwa karibu na watazamaji wake, kisha ikaziacha zififie. Nchi hiyo ni Uingereza. Wako wasemao kwamba televisheni za mikoa huko zilikufa kwa kuwa watu walizichoka. Sisi hatukubali. Zilizaliwa kwa sheria, na kwa sheria zikadhoofishwa.

Hadi mwaka 1955 Waingereza walikuwa na televisheni moja tu, ile ya BBC. Sheria ya Televisheni ya mwaka 1954 iliruhusu ya pili, itakayoendeshwa kwa fedha za matangazo ya biashara. Lakini Bunge halikuikabidhi kwa tajiri mmoja. Liliunda mamlaka ya umma iliyomiliki minara, nayo mamlaka hiyo ikaigawa nchi katika maeneo na kulikabidhi kila eneo kwa kampuni yake kwa mkataba wa muda maalumu. London ilianza mwezi Septemba 1955. Granada ya Manchester ikaanza Mei 1956. Zikafuata Uskoti, Tyne Tees, Anglia, Ulster na nyinginezo, hata kufikia mwaka 1962 visiwa vidogo vya Channel navyo vilikuwa na kampuni yao. Tangu mwaka 1968 makampuni yalikuwa 15. Kila moja lilitengeneza vipindi vya watu wake, na vile bora vilibadilishwa kati ya makampuni na kuonyeshwa nchi nzima. Ndivyo tamthilia ya *Coronation Street*, yenye lafudhi na mitaa ya Lancashire, ilivyotoka Manchester mwaka 1960 ikaingia katika kila nyumba.

Faida ilikuwa nono. Roy Thomson, mwenye televisheni ya Uskoti, alipata kuifananisha leseni yake na ruhusa ya kuchapa noti. Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu sisi walimu. Kampuni lilikuwa peke yake katika kuuza matangazo ya biashara eneoni mwake, na kwa upendeleo huo mamlaka ilidai malipo yasiyo ya fedha: habari za mkoa, vipindi vya mkoa, na vipindi vya shule.

Vipindi vya shule vilianza Mei 1957, navyo vilianzishwa na kampuni la biashara la London, Associated-Rediffusion, miezi michache kabla ya BBC yenyewe. Makampuni ya mikoani yalifuata. Yafaa tueleze jinsi kazi ilivyokwenda, maana wengi hudhani televisheni ya shule ni kuwasha sanduku na mwalimu kuketi. Kabla ya muhula, shule ziliweza kupata ratiba pamoja na vijitabu vya mwongozo wa mwalimu vilivyoonyesha yaliyomo katika kila kipindi na kazi ya kufanya kabla na baada yake. Dakika chache kabla ya kipindi, saa ilionyeshwa kwenye kioo ikihesabu muda, ili watoto waingie, wakae, watulie. Makampuni yaliajiri maofisa wa elimu waliozitembelea shule na vyuo, wakasikiliza yaliyofaulu na yaliyoshindwa, na kuwarudishia watayarishaji maoni ya walimu. Mwalimu wa Leeds hakuwa mtazamaji tu. Alikuwa na mtu wa kumwambia kwamba kipindi kilikwenda mbio mno kwa watoto wa miaka tisa.

Tunda moja la utaratibu huo ni *How We Used to Live*, mfululizo wa historia uliotengenezwa na televisheni ya Yorkshire tangu mwaka 1968. Watayarishaji hawakuanza na wafalme wala na Bunge. Walibuni jamaa wa kawaida katika mji wa viwanda wa Yorkshire, wakaonyesha wanavyokula, wanavyofanya kazi, wanavyougua. Kupitia kwa jamaa hao mtoto aliifikia historia ya taifa zima. Tuliyosoma vyuoni kuhusu kuanzia nyumbani kwa mwanafunzi yalitimizwa hapo bila kutajwa. Na watoto wa kusini mwa nchi, ambao Yorkshire si kwao, nao walikifuata kipindi hicho. Kitu kilichoshika mizizi mahali pamoja husafiri vizuri kuliko kile kisichotoka popote.

Hatusemi kwamba mpango huo haukuwa na kasoro. Mipaka ya mikoa ilichorwa na nguvu za minara kuliko historia za watu. Welisi ya kusini ilifungwa pamoja na magharibi ya Uingereza ya ng'ambo ya maji, kwa sababu tu mawimbi yaliruka maji. Basi Waingereza wa Bristol walinung'unika kwa kusikia Kiwelisi, na Wawelisi walinung'unika kwa kukisikia kidogo. Kampuni lililoanzishwa mwaka 1962 ili kuihudumia Welisi ya magharibi na kaskazini lilifilisika katika muda wa takriban mwaka mmoja tu, likamezwa na jirani yake. Mapenzi ya kwao hayakulipa gharama za mitambo. Ilibidi Gwynfor Evans, kiongozi wa chama cha Plaid Cymru, atishie mwaka 1980 kufunga hadi kufa ndipo serikali itimize ahadi yake ya stesheni ya Kiwelisi, na S4C ikafunguliwa Novemba 1982.

Mkataba wa zamani ulivunjwa na Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1990. Leseni zilipigwa mnada mwaka 1991. Mwombaji alitakiwa kwanza kuvuka kizingiti cha ubora, lakini baada ya hapo fedha ndizo zilizosema. Matokeo yake yalikuwa kichekesho: Central ya Midlands, iliyokosa mshindani, ilipata eneo lake kwa paundi 2,000 kwa mwaka, ilhali Yorkshire ilijifunga kulipa paundi milioni 37.7 kila mwaka. Thames, iliyoihudumia London tangu mwaka 1968, ilishindwa na Carlton. Kampuni lililotwishwa deni kama lile la Yorkshire litakata wapi kwanza? Halitakata tamthilia iletayo wauzaji wa sabuni. Kisha wakubwa wakaanza kuwameza wadogo: mwaka 1994 Carlton iliichukua Central, na Granada ikaichukua LWT ya London, mwaka 1997 Granada iliichukua Yorkshire pamoja na Tyne Tees. Mwaka 2002 majina ya mikoa yaliondolewa katika vipindi vingi, na mwaka 2004 Granada na Carlton ziliungana kuwa ITV. Uskoti ya kati na ya kaskazini ndiyo iliyobaki nje, chini ya STV.

Vipindi vya shule vilikuwa vimekwisha kuhamishwa mwaka 1987 kutoka stesheni ya mikoa kwenda Channel 4. *How We Used to Live* ilikoma mwaka 2002.

Tunaitambua hoja ya wapinzani wetu kuhusu fedha. Setilaiti zilizokuja mwaka 1989 na stesheni zilizofuata ziliyagawanya matangazo ya biashara, na upendeleo uliolipia vipindi vya mkoa ukapungua thamani. Hilo ni kweli. Lakini haliwaelezi watazamaji wa Border, kampuni dogo la Carlisle lililowahudumia watu wa pande zote mbili za mpaka wa Uskoti. Mwaka 2009 habari zao zilianza kutayarishwa Gateshead, ng'ambo ya pili ya nchi, pamoja na zile za Tyne Tees. Tukumbuke kwamba Uskoti ina utaratibu wake wa elimu, mitihani yake na sheria zake za shule. Watu walilalamika, hata mwaka 2013 kipindi chao kamili kikarudishwa, ingawa bado kilitoka Gateshead. Watu waliochoka hawalalamiki hivyo.

Kwa vyuo vyetu tungependekeza zoezi hili. Mwanachuo atakaye kutumia kipindi cha televisheni katika mazoezi ya kufundisha aandike katika andalio lake, kando ya jina la kipindi, kimetengenezwa wapi, ni kitu gani ndani yake ambacho watoto wake wamekwisha kukiona kwa macho yao, na kama kipindi kikiwashinda, ni nani atakayempelekea habari.