Mashine Ichore Reli, Lakini Nani Atatia Sahihi?

Ndugu wafanyakazi, najua wako watakaosema kwamba mwandishi amepotea njia. Turkana haina hata futi moja ya reli. Mwisho wa reli ulio karibu nasi ni Kitale, ambako njia ya kutoka Leseru ilifika mwaka 1926, na tangu hapo haikusogea mbele. Basi kwa nini gazeti la wafanyakazi wa Lodwar na Kakuma lijaze ukurasa kwa habari za michoro ya reli?

Jibu ni kwamba mstari upo tayari. Mwezi Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu wakazindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli ya kutoka Lamu kupita Isiolo na kuvuka Turkana hadi Nakodok, mpakani mwa Sudan Kusini. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Reli haijajengwa, wala hakuna ajuaye ni lini itajengwa. Lakini ukanda wake, wenye upana wa mita 500, umekwisha chorwa, tena umechorwa ndani ya kompyuta. Mfanyakazi anayengoja mataruma yashushwe kwenye lori ndipo aanze kuuliza maswali atakuwa amechelewa sana.

Tuelewane kwanza juu ya mchoro. Ramani ya reli inaonyesha mahali: kona, mlima, mto. Mchoro wa reli ni kitu kingine. Ndani yake njia zote zimenyooshwa kama kamba, na kazi yake ni kuonyesha nini kinafuata nini: stesheni, pwenti, ishara, njia ya kupishana, daraja, mwisho wa njia. Dereva, stesheni masta, mtu wa ishara na gengi la njia, wote hufanya kazi kwa kuutazama. Mwaka 1931 Harry Beck, mchoraji wa kawaida tu, alichora kwa namna hiyo reli za chini ya ardhi za London, akiacha umbali na kushika utaratibu, na mwaka 1933 mchoro wake ukachapwa. Leo dunia nzima inamwiga. Ujira aliopewa ulikuwa mdogo mno, jambo ambalo wenye kusifu mchoro huo hawapendi kulitaja.

Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wa ofisi ya michoro, kwa rula na wino, na kila badiliko la njia lilimaanisha kuchora upya. Sasa kompyuta inaweza kuifanya. Inapewa ramani ambayo kila reli ni mstari na kila pwenti au ishara ni nukta yenye vipimo vyake vya dunia. Inaukata mstari kila penye pwenti, inapima umbali tangu kilometa ya mwanzo, inatazama tawi linatokea kushoto au kulia, kisha inanyoosha yote na kutoa mchoro. Kazi ya siku nyingi inakwisha kwa muda wa kunywa chai.

Mimi siipingi mashine hii. Mchoro uliochakaa, uliofutwa na kuandikwa juu mara kumi, umewatia watu wengi hatarini, na gengi linalopewa karatasi ya miaka kumi iliyopita linafanyiwa dhuluma. Mashine inayotoa mchoro mpya kila njia inapobadilika ni rafiki wa mfanyakazi.

Lakini mashine inaamini kila inachoambiwa. Mistari miwili isipogusana kwenye ramani, hata kama pengo ni unene wa ukucha, yenyewe inaona njia imekatika. Reli ikipita juu ya nyingine kwa daraja, inaweza kudhani kwamba zimeungana. Na jambo baya kuliko yote ni hili: kipimo cha simu ya mkononi huweza kukosea kwa mita tano, na njia mbili zilizo sambamba zimeachana kwa mita nne au tano tu. Basi ishara ya njia ya kwanza inarukia njia ya pili, na mchoro unatoka safi, wenye rangi nzuri, na ni wa uongo. Mchoro mchafu humfanya mtu asite. Mchoro safi haumshitui mtu.

Sasa tuje kwetu. Lokichoggio peke yake imeandikwa kwa namna tatu au nne: Lokichoggio, Lokichogio, Lokichokio, na madereva wa malori wanasema Loki basi. Kompyuta inayounganisha habari kwa majina itaweka stesheni tatu mahali pa moja. Au itachanganya Lokichar na Lokichoggio, mmoja upo kusini mwa Lodwar na mwingine kaskazini magharibi, karibu na mpaka. Mtoto wa shule wa Kakuma hawezi kukosea hivyo.

Tena kuna laga. Mtu anayechora kwa picha ya setilaiti akiwa Nairobi au ng'ambo anaona mchanga mweupe na kupita. Anayekaa Kakuma anaijua Tarach, kavu miezi mingi, halafu mvua ikinyesha mbali milimani inashuka usiku na kuchukua nyumba. Wa Lodwar anaijua Kawalase. Katika mchoro ulionyooshwa laga hiyo ni alama ndogo ya daraja, au si kitu kabisa, na gengi litakalopelekwa kutengeneza njia litajua habari zake likiwa limekwisha fika.

Watu wa mbali wamezoea kuiona nchi hii kama karatasi tupu. Makhan Singh na Fred Kubai, walioongoza ule muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa mwaka 1949, wote wawili waliletwa kufungiwa Lokitaung, kwa sababu wakoloni walidhani kwamba Turkana hapana mtu wa kuwasikia. Ukanda wa mita 500 ukipigwa juu ya karatasi tupu haugongi kisima cha mtu wala njia ya mifugo. Ukipigwa juu ya ardhi, unagonga.

Swali la mishahara nalo lisiachwe. Habari zinazolishwa mashine hazioti kama majani. Kuna mtu anayetembea juani na kifaa cha kupimia, na kuna mtu anayekaa mbele ya kompyuta akifuatisha kila mstari kwa kidole. Vijana wa Lodwar na Kakuma wanajifunza kazi hizo na wengine wanazifanya tayari kwa waajiri wa mbali. Kambini Kakuma, mkimbizi anayefanya kazi kwenye mashirika amezoea kulipwa kile kinachoitwa posho, kilicho chini sana ya mshahara wa Mkenya mwenye kazi ile ile. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imefungua mlango wa kazi, lakini mlango ukifunguliwa kwa posho, mwajiri atawapambanisha mkimbizi na mwenyeji, na wote wawili watapoteza. Kazi moja, malipo mamoja. Wako wenzetu ambao hawapendi kusikia neno hili, na nitalisema tena mkutanoni.

Juu ya sahihi, nitatoa mfano mmoja. Tarehe 29 Desemba 2016, mjini Cardiff, Uingereza, njia zilikuwa zimebadilishwa na ishara mpya zimewekwa. Pwenti moja ya zamani iliyopaswa kufungwa kabisa ilisahauliwa. Vyombo vyote vilionyesha kwamba njia ni salama. Dereva wa gari la abiria aliiona pwenti kwa macho yake imekaa vibaya, akapiga breki, na hakuna aliyeumia. Nchi ile ina michoro na kompyuta tele.

Kwa hiyo chama kidai kwamba mchoro wowote uliotolewa na mashine usitumike kabla mtu mwenye ujuzi hajatembea njia yote akiwa nao mkononi, mchana, na kuandika jina lake na tarehe. Mtu huyo alipwe kwa siku zote za kutembea, na asiharakishwe. Na mfanyakazi akiona kwamba mchoro na njia havikubaliani, awe na haki ya kusimamisha kazi bila kukatwa mshahara.

Hapa kwetu tuanze na lililo mbele ya macho. Kila mwanachama aliyewahi kuchukuliwa kibarua na wapima ardhi, kuanzia Lokichar hadi Lokichoggio, amwone katibu wa tawi lake aeleze alionyesha njia zipi na visima vipi, alilipwa kiasi gani kwa siku, na kama alipewa karatasi yoyote.