WAASISI WA RAP YA BONGO: TUNAWAPA HESHIMA YAO AU TUNAWAPIGIA KAMPENI TU?

Leo naomba tuiweke pembeni Katiba Mpya kwa dakika chache, tuongelee rap. Najua kuna watakaosema huu si wakati wake. Nisomeni kwanza halafu mnipige mawe.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye Coaster tunatoka kikao cha ndani. Safari ndefu, stori zimeisha, jamaa mmoja akatoa simu akaanza kutusomea orodha ya wakali kumi wa muda wote wa rap ya Bongo. Mnazijua hizo orodha. Nane kati ya kumi ni watu waliotamba baada ya YouTube kuingia, halafu wakongwe wawili wamebandikwa namba tisa na kumi ili tusilalamike. Gari likachafuka. Mimi kwa kiherehere changu nikasimama katikati ya siti nikatangaza: "Namba moja ni Sugu, mjadala umefungwa!" Makofi, vigelegele, vidole viwili juu.

Dereva wetu, mtu mzima kidogo, akaniangalia kwenye kioo. "Dogo, kabla hajaitwa Mr. II alikuwa anaitwa nani?"

Kimya.

"Haya, nitajie albamu yake moja tu ya miaka ya tisini."

Kimya tena. Gari zima likaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wale wale walionipigia makofi. Jibu nililitafuta usiku: alikuwa anaitwa 2-Proud, na mwaka 1995 alitoa albamu inaitwa Ni Mimi. Mimi mwaka 1995 nilikuwa sijazaliwa, lakini hiyo si sababu. Hata Azimio la Arusha sikuwepo na bado naweza kulieleza.

Kilichoniuma ni kugundua kwamba siku zote sikuwa namsifia rapa. Nilikuwa namsifia mbunge wa Mbeya Mjini wa 2010, na kamanda aliyefungwa 2018. Hayo ni mambo makubwa na sitayafuta, ila hayamfanyi mtu awe mkali wa mistari. Ukimpa mtu namba moja kwa sababu ya kadi ya chama, hujampa heshima, umemtumia.

Sasa turudi kwenye hoja yenyewe. Waasisi wanapewa haki yao kwenye hizi orodha? Nasema hapana, na sababu yangu siyo ile ya kila siku kwamba wao walitangulia. Kutangulia peke yake hakutoshi. Waasisi walikuwa na kazi moja ngumu ambayo leo hatuioni kwa sababu waliimaliza: kukifanya Kiswahili kikae kwenye biti.

Jaribu mwenyewe kuandika mistari minne. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Ukimaliza mstari kwa "natoka", unaofuata kwa "napenda", wa tatu kwa "nasema", zote zinaishia na "a" na bado hujapata kina chochote, unasikika kama mtoto wa chekechea. Inabidi vifanane angalau silabi mbili, kama "mkate" na "upate", na ukitaka kutisha ziwe tatu. Halafu kuna mkazo. Kwenye Kiingereza mtu anaweza kumaliza mstari kwa neno la silabi moja likagonga pale pale ngoma inapogonga. Neno letu linabeba mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo daima linabaki na mkia. Usipoupanga ule mkia, mstari mzima unachelewa biti. Watunzi wetu wa tenzi walimaliza suala la vina na mizani zamani sana, lakini hawakuwa na ngoma ya Marekani inayowakimbiza mgongoni.

Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza pale Dar, na akajulikana kwa kuchukua biti ya Ice Ice Baby ya Vanilla Ice na kuiwekea Kiswahili. Leo ukiisikiliza unaweza ukatabasamu. Mimi pia nilitabasamu. Ila wakati ule wengi waliokuwa wanafoka hapa nyumbani walifoka kwa Kiingereza, wengine wakikariri vya Wamarekani neno kwa neno, na wazo kwamba Kiswahili kinaweza kufoka lilionekana kichekesho. Simweki kumi bora kwa uandishi. Lakini orodha isiyomtaja hata kwenye utangulizi ni sawa na kuandika historia ya siasa za upinzani ukaanzia 2015.

Halafu Kwanza Unit, kundi la 1993, ambalo kwangu ndilo limedhulumiwa kuliko wote. Walianza sana kwa Kiingereza wakahamia Kiswahili, na walikuja na fikra nzito kuhusu hip hop ya Kiafrika wakati wengine bado tunaiga kofia na suruali pana. Hawakugombea ubunge. Hawana mamilioni ya watazamaji. Nimezunguka kutafuta kanda zao, nikaambulia nyimbo chache zenye mikwaruzo. Anayepanga orodha kwa kuhesabu waliobofya hawezi kuwaona, na sisi tunaopanga kwa kuangalia nani kavaa gwanda hatuwaoni vilevile. Makosa mawili tofauti, kaburi moja.

Kumbukeni pia mazingira. Hadi Radio One inaanza 1994, redio ilikuwa ya serikali. Hakimiliki ya maana hakukuwa nayo mpaka sheria ya 1999. Msanii anauza kanda yake kwa msambazaji kwa hela ya kula mwezi mmoja, kisha anaisikia kwenye kila daladala. Nyumbani anaitwa mhuni. Mjomba wangu aliwahi kuchomewa daftari lake la mistari na babu yangu, na hadi leo akilisimulia anageukia pembeni.

Hapo ndipo Professor Jay anapoingia, na hapa naomba msinisome kichama. Funga Kazi ya Hard Blasters ilitoka 2000, na 2001 akaja peke yake na Machozi, Jasho na Damu. Ndani yake kuna Ndio Mzee, yule mgombea anayeahidi kila kitu na umati unaitikia tu. Wazee waliokuwa wanazima redio wakaanza kuongeza sauti, kwa sababu yule mgombea wanamjua, amepita kijijini kwao. Kazi hiyo aliifanya miaka 14 kabla ya kuwa mbunge wetu wa Mikumi. Ningempa nafasi ya juu hata kama angegombea kwa upande wa kijani.

Ndiyo, nimesema hivyo. Maana kipimo cha ukweli wetu ni Mwana FA. Yule ni mbunge wa CCM, 2023 akapewa unaibu waziri, na mimi kisiasa sina la kumwambia. Lakini kusema hajui kuandika ni uongo, na niliwahi kuusema kwa sauti kubwa kabisa. Afande Sele naye, Mfalme wa Rhymes wa 2004, kisiasa alikwenda kwingine na huku kwetu akasahaulika kama hajawahi kushika maiki. Na kina dada? Zay B na Sista P walichana mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati jukwaa zima ni wanaume. Nitajieni orodha moja tu mliyowakuta humo.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina nguvu. Vijana wa leo wanachana vizuri zaidi, mistari imesukwa, pumzi wanayo. Nakubali, ukichukua Fid Q ukaweka pembeni ya kanda ya 1995, kiufundi hakuna ushindani. Lakini kama unapima ufundi tu, basi andika juu ya orodha yako "mafundi", usiandike "wakubwa wa muda wote". Muda wote unaanza 1991, hauanzii siku uliyonunua simu.

Yangu hii hapa, na nimeiandika baada ya kusikiliza, siyo kwenye Coaster: Professor Jay namba moja. Sugu wa pili, na safari hii ni kwa Ni Mimi na zilizofuata. Fid Q wa tatu. Kwanza Unit wa nne kama kundi. Mwana FA wa tano, mnune tu. Sita hadi kumi jazeni wenyewe kwenye maoni hapo chini, ila kila jina liwe na wimbo mliousikiliza mpaka mwisho. Dereva wetu nimeshamtumia link, na safari hii anasubiri kuwauliza nyie.