Franka na dola: kila moja na safu yake

Juma hili tuongee juu ya faida inayoonekana katika franka lakini katika dola haipo.

Tuseme mama mmoja wa Kituku amenunua sambaza za dola 20, siku ambayo dola moja ni franka 2.800. Ametoa franka 56.000. Amemaliza kuuza, anahesabu franka 58.000. Anafurahi: faida 2.000! Lakini dola imepanda hadi 2.900. Akibadilisha, anapata dola 20 zile zile. Akitoa humo nauli na chakula cha watoto, anakula mtaji.

Excel au Google Sheets, hata kwenye simu, inafanya hesabu hiyo yenyewe. Tengeneza safu tano: tarehe, kitu, franka, bei ya dola siku hiyo, na dola. Katika safu ya tano, mstari wa pili, andika =C2/D2, kisha uivute chini. Ulicholipa kwa dola, kiandike moja kwa moja katika safu hiyo ya tano. Manunuzi yawe na ukurasa wake, mauzo na wake. Bei ya dola ya jana isitumike leo.

Hesabu ya kikundi isikae katika simu moja. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbia na walichoweza kubeba. Kila Jumamosi, katibu atume nakala kwa wamama wawili. Simu ikiibwa, akiba ya AVEC itabaki na ushahidi wake.