Fizikia Ipo Stendi, Sisi Tunaitafuta Ubaoni

Wenzangu tunaosomea ualimu, tuambizane ukweli. Mwanafunzi anaweza kupata swali lote la sheria ya Charles, halafu akashindwa kueleza kwa nini gari la mjomba wake linavuta vizuri alfajiri kuliko saa nane mchana. Kwangu mimi, huyo bado hajafundishwa.

Madereva wanalijua jambo hili. Mchana wa Januari pale Dar, gari dogo la petroli likijaa watu na AC ikiwa imewashwa, linakuwa zito kabisa. AC inakula nguvu yake, sawa, lakini joto nalo limo. Injini haipimi hewa kwa kilo, inavuta kwa ujazo. Hewa ikipata joto hutanuka, hivyo kila mvuto huingiza oksijeni kidogo zaidi. Piga hesabu: nyuzi 15 za Selsiasi ni 288 kwa Kelvini, nyuzi 35 ni 308. Gawa 288 kwa 308, unapata karibu 0.94. Yaani hewa imepungua kama asilimia 6, na ukikanyaga mafuta hadi mwisho, nguvu nayo imepungua.

Mjanja wa darasa atauliza: basi kule Iringa kwenye baridi si gari lingepaa? Wala! Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15. Faida ya baridi inamezwa na mwinuko. Gari lisilo na tabo litakosa pumzi tu. Tena asubuhi ya baridi oili huwa nzito, na injini ambayo haijapata moto hunywa mafuta zaidi.

Najua jibu la wengi: mtihani hauulizi magari, na shule nyingi hazina maabara. Sawa, lakini hiyo ndiyo sababu yenyewe. Shule isiyo na maabara haikosi bodaboda inayopita getini. Fundi anaijua dalili, mwanafunzi anaijua fomula, na hakuna anayewakutanisha. Hiyo ni kazi yetu.

Tukienda mazoezi ya kufundisha, tusianze na fomula. Tuanze na swali la dereva, wanafunzi wabishane kwanza, ndipo tushike chaki.